Poza Kwanza, Ndipo Usafirishe



Ateremkaye kutoka baridi ya msitu wa Nyungwe, penye miinuko ipitayo mita 2,000, huingia tambarare ya Bugarama wilayani Rusizi, isiyofikia mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo Rwanda ilipo chini kabisa, na joto lake ni kali. Safari hiyo ni ya saa chache tu. Lakini mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto jipya. Askari aliyehamishwa juzi, na leo akaamrishwa kukimbia na mzigo mgongoni, yumo hatarini hata awe shupavu namna gani.

Adui huyo ni kiharusi cha joto. Joto la mwili hupita nyuzi 40, na ubongo huanza kudhurika. Dalili yake kuu ni akili kuvurugika: askari anapayuka, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, hajibu amri, anaanguka au kupata degedege. Msingoje ngozi ikauke. Aangukaye mazoezini aghalabu huwa amelowa jasho. Wala asidhaniwe mvivu au mlevi. Bugarama kuna malaria pia, na wengi wataidhania hiyo. Damu yake na ipimwe, lakini kumpoza kusingoje kipimo.

Kifanyike nini? Mwiteni tabibu, na papo hapo mpelekeni kivulini, mkamvue viatu, mkanda na sare. Mlazeni juu ya turubai, wenzake wainue kingo zake, kisha mmwagieni maji baridi kadiri yapatikanavyo, mmoja akimshika kichwa kisizame. Pasipo turubai, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea. Aliyepungukiwa fahamu asinyweshwe kitu. Vidonge vya kutuliza homa havifai hapa. Endeleeni mpaka akili imrudie au aanze kutetemeka. Ndipo apelekwe hospitali hata akisema amepona, kwani figo na ini huweza kudhurika baadaye.

Nusu saa ya kwanza ndiyo iamuayo. Kumpakia garini akiwa bado anawaka ni kuipoteza njiani.

Ndugu wasikilizaji, kamanda apunguzaye mwendo wa kikosi siku ya jua kali, akaamuru watu wanywe maji na kupumzika, halegezi nidhamu. Anawalinda wale aliokabidhiwa.