Ndege Wenye Majina

Wakati wa baridi tukizuru hifadhi ya ndege ya Slimbridge, Uingereza, twatembea polepole kando ya madimbwi, makoti yamefungwa hadi shingoni. Twawatazama batamaji weupe wa Bewick, warukao zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kaskazini ya Urusi. Kwetu wageni wote ni sura moja! Lakini Peter Scott, aliyeanzisha hifadhi hiyo mwaka 1946, na jamaa yake, walianza mwaka 1964 kumtambua kila mmoja kwa alama nyeusi na manjano za mdomo, wakampa jina. Katika Ulaya ya kaskazini-magharibi walikuwa karibu 29,000 mwaka 1995. Kufikia 2020 hawakutimia 14,000. Basi twawauliza watunzaji: ni nani asiyerudi?