Mashua za Lamu Wakati wa Maulidi

Fungueni madaftari yenu. Aliyekwisha kujua kusoma na amsaidie jirani yake. Tusome polepole, tusikimbie.

Leo tutasafiri kwa maneno mpaka pwani ya Kenya, kwenye kisiwa cha Lamu. Mji wa Lamu ni wa zamani sana. Mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Njia zake ni nyembamba, na mizigo mingi huchukuliwa na punda.

Kila mwaka, katika mwezi uitwao Mfungo Sita, Waislamu wa Lamu husoma Maulidi, yaani hukumbuka kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Mwezi huo hufuata mwandamo. Kwa sababu hiyo, katika kalenda ya ukutani, sikukuu hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka. Wageni huja kutoka pwani yote na hata ng'ambo.

Sikukuu hiyo ina makao yake katika msikiti wa Riyadha. Msikiti huo ulianzishwa na Habib Swaleh, mwalimu aliyetoka Ngazija akiwa kijana. Sikilizeni vizuri habari zake, maana zinatuhusu sisi wa madarasa ya watu wazima. Zamani zile, elimu katika mji wa Lamu ilikaa mikononi mwa koo kubwa. Watumwa na watoto wao hawakuwa na nafasi. Habib Swaleh alikwenda kukaa pembeni mwa mji, akawafundisha maskini na watu waliotoka utumwani. Tena alikubali matari yapigwe katika Maulidi. Baadhi ya wakubwa walimpinga, lakini hakuacha. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Basi wale walioambiwa kwamba elimu si yao, ndio waliojaza darasa lake.

Sasa twende baharini. Katika siku za Maulidi kuna mashindano ya punda, ya kuogelea, na ya mashua. Pengine mtauliza: Mashua na dini, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Watu wa Lamu huishi kwa bahari. Kwa mashua huvua samaki, na kwa mashua huchukua boriti, mawe na mchanga. Mtu hufurahi kwa kile kinachomlisha, kama sisi tunavyofurahi wakati wa mavuno.

Mashua ya Lamu ina mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu. Upepo unapolijaza tanga, mashua hulala upande. Hapo mabaharia hukimbilia upande wa juu. Wengine hukaa juu ya ubao uliotokeza nje, juu ya maji, ili uzito wao uinyanyue mashua. Mifuko ya mchanga nayo huhamishwa. Wanapozunguka boya, tanga hugeuzwa, na watu wote huhama kwa pamoja. Mmoja akizubaa, wote huchelewa, au hulowa. Ninyi mliovuka mto Ruvuvu kwa mtumbwi mnajua maana yake: chomboni hakuna mtu asiye na kazi, hata kama kazi yake ni kukaa vizuri tu.

Ukipata safari ya kwenda Lamu, shika mambo matatu.

Kwanza, uliza tarehe kabla ya kuondoka, maana hubadilika kila mwaka.

Pili, vaa nguo za heshima. Ukifika msikitini, uliza mahali pa kukaa, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Sikukuu ile ni ibada ya watu. Mgeni si mwenye nyumba.

Tatu, chunga roho yako majini. Kutoka Mokowe mpaka Lamu huvuka kwa boti. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka, ungoje nyingine. Vaa jaketi la kuokolea maisha. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia hawakurudi nyumbani. Kusoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo, na kuhesabu watu waliomo, ni kazi ya elimu hii hii mnayojifunza.

Maneno ya kujifunza: tanga, mlingoti, boya, nahodha (mkuu wa chombo), mwandamo (kuonekana kwa mwezi mpya).

Maswali:
1. Habib Swaleh aliwafundisha watu gani?
2. Kwa nini mabaharia hukaa juu ya ubao ulio nje ya mashua?
3. Boti imeandikwa watu 20. Ndani wamo 27. Wangapi wamezidi? Wewe utafanya nini?

Andikeni majibu kwa mkono wenu wenyewe. Kwaherini, mpaka somo lijalo.