Nani Amkalishaye Jaji Kitini?

Hotuba iliyosomwa Bodo, Kwale



Mkulima wa hapa Bodo anyang'anywapo shamba, huenda mahakamani na mashahidi wake. Mshindani wake huenda na fedha, na pengine na salamu za mkubwa. Kati yao ameketi jaji. Ikiwa jaji huyo anamwogopa mkubwa, kesi imekwisha kabla ya kuanza. Ndiyo sababu wahenga walitukataza kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Hofu hiyo tuliionja. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja lilibadili Katiba, likawaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Mawakili na viongozi wa makanisa walipaza sauti, na mwaka 1990 ulinzi huo ukarudishwa. Lakini mlango wa kuingilia ulibaki mikononi mwa Rais.

Katiba ya 2010 iliubadili mlango huo. Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, huwahoji waombaji na kupendekeza majina. Wajumbe wake kadhaa huchaguliwa kwa kura: majaji na mahakimu huwachagua wenzao, na mawakili huwachagua wawili, mwanamke na mwanamume. Mapema mwaka 2011 Rais Kibaki alipomteua Jaji Mkuu bila ya kufuata njia hiyo, Mahakama Kuu ilisema Katiba imevunjwa, na uteuzi ukaondolewa. Waombaji wakahojiwa hadharani, taifa likitazama, na Dakta Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu.

Ndugu zetu, kuna watu wasemao kwamba ingefaa raia wawapigie kura majaji, kama ilivyo katika majimbo mengi ya Marekani. Tusikimbilie. Mwaka 2025, katika jimbo la Wisconsin, kiti kimoja tu cha mahakama ya juu kilitumiwa zaidi ya dola milioni 90 katika kampeni. Sisi tunaojua gunia la unga wa kampeni, tujiulize: aliyegharimia kiti atadai nini siku ya hukumu?

Hata hivyo, njia yetu nayo yahitaji walinzi. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Mwaka 2021 Rais Kenyatta aliwateua 34, akawaacha sita, na mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais mpya kuingia. Kwa muda wote huo viti vilikaa wazi, na wenye kesi wakangoja.

Basi sisi tufanye nini? Tume itangazapo majina, tuyasome mikutanoni na baada ya ibada, na tuipelekee kwa maandishi yale tuyajuayo kwa kweli, si uvumi wala chuki ya kabila. Jaji akikosa adabu ya kazi, Katiba inamruhusu mtu yeyote kupeleka malalamiko kwa Tume hiyo hiyo. Haikusema wakili. Imesema mtu yeyote. Naye mkulima wa Bodo ni mtu.

Mjane wa Injili hakuwa na fedha wala cheo. Alikuwa na miguu ya kurudi mlangoni kwa kadhi kila siku. Nasi turudi.