MAZUNGUMZO YA KATIBU: KIJANA ALIYETUSHINDA

(Haya niliyasema katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Nayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo sikusimama kusema habari za pamba wala madeni ya mbegu. Nataka tuzungumze juu ya kijana wa miaka 13 mpaka 18, hasa yule tunayemwita mkorofi na mhuni.

Naanza na kosa langu mimi mwenyewe. Mpwa wangu mnamjua, na ruhusa ya kuyasema haya amenipa. Dada yangu alipofariki, mtoto alikuja kwangu ana miaka 14. Haukupita muda akaacha shule, akawa mgomvi, mchana analala, usiku hayupo. Siku alipovunja dirisha la duka la ushirika, nilimchapa fimbo palepale mbele ya watu. Ninyi mkanisifu, mkasema samaki mkunje angali mbichi.

Kesho yake hakuonekana. Siku ya tatu tulimkuta katika kijiji alichozaliwa, kwa jirani wa marehemu mama yake. Nikamwuliza amefuata nini. Akasema, "Mjomba, nilikuja kuona kama nyumba yetu bado ipo."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Mwaka mzima sikumwuliza habari za mama yake hata siku moja.

Hapo nikakumbuka kisomo. Mimi nilianza kusoma nikiwa mtu mzima, herufi zinanishinda, mkono unatetemeka. Mwalimu angenicheka, nisingerudi darasani. Yeye alinishika mkono tukaandika pamoja. Basi, huruma niliyopewa mimi mwenye mvi, kwa nini nimnyime mtoto?

Tulimpeleka kituo cha afya. Mganga alitueleza kwamba huzuni ya kijana mara nyingi haitoki kwa machozi, hutoka kwa hasira. Tena ubongo wa binadamu, hasa ile sehemu ya kujizuia na kupima mambo, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo siyo kurogwa, wala siyo laana.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tumsikilize. Usimwite kama polisi. Nenda naye shamba, mkilima mtazungumza. Akisema jambo zito usimkatize.

Pili, amri ziwe chache na zisibadilike. Kumsikiliza siyo kumwachia. Akiharibu, atengeneze. Lakini fimbo na matusi mbele ya watu humfundisha kujificha tu.

Tatu, tuangalie dalili. Halali, hali, amewaacha rafiki zake, au anasema afadhali afe. Maneno hayo tusiyacheke. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke kwa mganga upesi. Na dawa za kunyunyizia pamba zisikae uvunguni mwa kitanda. Zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima.

Nne, tutumie msaada uliopo. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, na kuipiga ni bure. Na aliyeacha shule asikate tamaa: mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule waruhusiwe kurudi. Twende kwa mwalimu mkuu tukaulize.

Ndugu wanachama, wapo waliotaka mpwa wangu afukuzwe kijijini. Naomba jambo hilo tulifute leo. Tukimfukuza atakwenda wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtoto hafukuzwi, analelewa.

Sisemi amekuwa malaika. Juma lililopita aligombana tena. Lakini dirisha la duka amelitengeneza yeye pamoja na fundi, na kioo amekilipa kwa kuchuma pamba. Jioni anakula na sisi. Juzi alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiimba akitwanga. Nami nilisikiliza mpaka mwisho.



Katibu