TUKAE TUULIZANE KABLA YA KWENDA NYUMBANI
(Hotuba kwa wauguzi wanachama, Dagoretti Corner)



Wengi wenu mmetoka zamu ya usiku, kwa hiyo sitasema mengi. Nataka kusema juu ya mgonjwa ambaye kila wadi inamjua: yule anayejiumiza kwa mkono wake mwenyewe, akafungwa jeraha, na baada ya siku chache akarudi tena.

Mgonjwa huyu hutuchosha. Mtu wa ajali akishonwa hushukuru. Huyu akirudi twaona kazi yetu imetupwa bure. Hapo hasira huingia, nayo hutokea ulimini na mikononi. Mgonjwa huwekwa mwisho wa foleni. Huambiwa anachukua nafasi ya wagonjwa wa kweli. Wako hata wanaoona dawa ya ganzi haimstahili.

Ndugu zangu, wengi wa watu hawa hawafanyi mchezo. Wanatafuta nafuu ya uchungu wa moyoni ambao hawajapata maneno ya kuusema. Tena, anayejiumiza leo, hata kama hakutaka kufa, yumo katika hatari ya kujiua siku za mbele kuliko mtu mwingine. Tukimfukuza kwa maneno, mara ya pili hatakuja kwetu, atajificha.

Hasira yetu ina mizizi ya zamani. Mathari ilianzishwa mwaka 1910 kuwa mahali pa kuwafungia watu walioitwa wenye wazimu. Na kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, tulichoachiwa na wakoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Nairobi, iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Jaji amefanya kazi yake. Lakini jaji haingii wadini saa nane za usiku. Huko hukumu ni yetu.

Basi tufanye nini? Tukae pamoja, tujiulize maswali manne. Nini kilitokea? Nilisikia nini moyoni: hasira, hofu, au huruma? Nilichofanya kilimsaidia mgonjwa, au kilinipunguzia mimi hasira yangu? Akirudi kesho, nitamwambia neno gani la kwanza?

Kikao hiki si baraza la kushtakiana. Jina la mgonjwa lisitoke nje ya chumba, na maneno ya muuguzi yasiingie katika faili lake la kazi. Mtu akiogopa kuadhibiwa atasema uongo, na kikao kitakuwa bure.

Hapa ndipo chama kina kazi. Muuguzi aliye peke yake na wadi nzima hana nafasi ya kufikiri. Tudai nusu saa kila juma, ndani ya saa za kazi na yenye mshahara. Wala tusikubali kupewa nusu saa hiyo badala ya wauguzi zaidi. Tudai yote mawili.

Anayefunga jeraha la mwenzake naye ana moyo. Tuutazame, usije ukawa mgumu.