Kuchagua Mashine ya Kukerezea kwa Karakana ya Vijana Wetu



Kama mjuavyo, vijana wetu watatu wameomba mkopo wa mfuko wa ukoo ili wanunue mashine ya kukerezea vyuma inayoongozwa na kompyuta. Mimi si fundi. Lakini katika utumishi wangu serikalini nilikaa miaka mingi kwenye kamati za zabuni, na huko hujifunza mtu kwamba bei iliyoandikwa ni mwanzo tu wa gharama.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Naam, lakini jembe lao halikununuliwa kwa michango ya ukoo mzima. Basi na tuchague.

Kwanza, kazi itangulie mashine. Akerezaye vipande vidogo vya shaba na alumini anatoshwa na mashine ya kuwekwa juu ya meza. Akusudiaye chuma kigumu anahitaji mashine nzito, kwani iliyo nyepesi hutetemeka ikaharibu kazi.

Pili, umeme. Mashine nyingi za mitumba kutoka viwandani hutaka umeme wa fezi tatu, ambao nyumba za hapa kwa kawaida hazina. Urahisi wa mnadani huliwa na kigeuzi cha umeme na gari la kuibebea.

Tatu, baridi. Gereji yao haina joto. Chuma cha milimita 100 kikiongezewa joto la nyuzi 20 hurefuka karibu milimita 0.024, kwa kazi ya vipimo vya karibu, hiyo yatosha mzigo kukataliwa. Kwa hiyo hita imo katika bei.

Nne, zimo pia gharama za visu vya kukatia, vyombo vya kupimia, na ada ya mafunzo. Mjini Minneapolis kipo chuo cha ufundi cha Dunwoody, kilichoanzishwa mwaka 1914.

Ushauri wangu ni huu: tuwakopeshe kwa mashine ndogo ya fezi moja, ambayo vipuri vyake hupatikana, mara watakapotuletea oda ya maandishi ya mteja wa kwanza. Kubwa itanunuliwa kwa faida ya ndogo. Kampuni ya Medtronic nayo ilianzia gerejini, papa hapa Minneapolis, mwaka 1949, kwa kutengeneza vifaa vya hospitali vilivyoharibika.

Vijana wetu, hatuwanyimi. Twataka deni lenu lilipike, ili mfuko uwafae na wadogo zenu.