Kasha, Mlango na Amana: Kuufikisha Mzigo Ugweno Siku Ile Ile



Waandalizi wa semina hii wamenitaka nitoe mada juu ya swali moja: mtu wa Ugweno, huko milimani juu ya Mwanga, aliyeagiza kitu Moshi, Arusha au Dar es Salaam, naye akitaraji kukipata siku ile ile, je, afadhali akakichukue katika kasha la kufuli lililowekwa mahali pa hadhara, au aletewe mpaka mlangoni pake? Nimeagizwa pia nianze kwa kufasili maneno, nami natii. Kifurushi ni mzigo mdogo ambao mtu mmoja aweza kuubeba bila kuomba msaada. Kasha la kufuli ni kabati la chuma lenye vyumba vidogo vidogo, na kila chumba hufunguka kwa namba ya siri aliyopelekewa mpokeaji kwa simu. Kuletewa mlangoni ni kuletewa mlangoni. Siku ile ile ni kabla ya watu kulala. Hayo mnayajua kuliko mimi, basi tuyapite.

Kasha lina sifa zake, na si haki kulikashifu kabla ya kulisikiliza. Huko Ujerumani na Poland, ambako makasha haya yameenea sana, mpeleka vifurushi husimama mara moja tu akashusha mizigo ya ujirani mzima, badala ya kupanda ngazi za kila nyumba na kukuta wenyewe wamekwenda kazini. Wala sisi si wageni wa fikra hiyo, kwa maana tangu enzi za Posta ya Afrika Mashariki hata Shirika la Posta Tanzania lilipoanza kazi mwaka 1994, barua zetu aghalabu hazikubisha hodi mlangoni. Zilitungoja katika sanduku lenye namba, na wengi wetu tulioinukia milimani tulitumia sanduku la shule, la kanisa au la msikiti. Mtoto wa Shighatini, huko Ugweno, alijua kuandika S.L.P. kabla hajajua kwamba duniani kuna mitaa yenye majina.

Mlango nao una hoja yake. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 tumepata namba za nyumba, na postikodi yenye tarakimu tano tunayo. Lakini ninyi mnaijua nchi yenu: nyumba imejificha ndani ya migomba, njia ya kuifikia ni ya miguu, na masika yakiingia udongo mwekundu hugeuka utelezi ambao hata mbuzi huupita kwa kufikiri. Namba iko ukutani; gurudumu limebaki chini barabarani.

Sasa, kwa idhini ya Mwenyekiti, naomba niliache swali nililopewa kwa kitambo, niseme juu ya jambo ambalo nimepambana nalo muda wote niliokuwa wakala wa vifurushi stendi, nalo ni makabidhiano.

Tutazame safari yenyewe. Basi huondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri. Alasiri limekwisha pita Same, na hapa Mwanga husimama kwa muda wa kuteremsha abiria na kununua maji. Katika dakika hizo kondakta hutoa mzigo buti, hutaja jina kwa sauti, na aliye karibu huupokea. Mpaka hapo ahadi ya siku ile ile imetimia kwa sehemu kubwa kabisa ya masafa. Kisha mzigo hungoja Noah, gari dogo la abiria la kupanda mlimani, ijae. Dereva huusukuma chini ya kiti, juu ya vifaranga vya mtu mwingine. Akifika Kifula au Msangeni humpa kijana wa duka, kijana humwachia dada yake, na dada huenda kuchota maji. Mikono mitano, risiti moja. Mkono wa kwanza umetoa karatasi yenye mhuri, wa pili umetoa maneno, na iliyobaki imenyoosha kiganja tu.

Nitoe kisa kimoja, nami sitamtaja mtu wala gari. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee wetu, alitengenezewa miwani Moshi. Ilitumwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri ilikuwa Mwanga, mwendo mfupi mno wa lami. Kutoka Mwanga kupanda kwake mlimani ilichukua siku kumi na moja. Nilipanda mwenyewe kuitafuta, nikaikuta nyuma ya mizani ya dukani, juu ya gunia la sukari, bahasha ya kaki imelowa mvua, na tarakimu ya mwisho ya simu imevuja wino hata haijulikani ni 1 au ni 7. Mwenye duka hakuwa mwizi. Alikwisha piga namba zote mbili. Moja haikupatikana, na ya pili alijibiwa na mama mmoja wa Tabora ambaye, kwa adabu kubwa, alimwambia kwamba yeye haoni taabu ya kusoma. Dereva aliapa kwamba alikabidhi, na kijana wa duka aliapa kwamba alipokea. Wote walisema kweli, na mzee alikaa siku kumi na moja akisomewa gazeti na mjukuu anayeruka mistari.

Ndugu zangu, kasha lingemsaidia nini mzee huyo? Likiwekwa Mwanga, atashuka kwa nauli inayoshindana na thamani ya kitu chenyewe, na kwa nauli nyingine atapanda. Likiwekwa mlimani, bado mikono ile ile itaubeba mzigo kulifikia, na namba ya siri itatumwa kwa namba ya simu ile ile iliyovuja wino, katika mabonde ambayo mtandao hupatikana kwa kupanda kichuguu. Zaidi ya hayo, kasha hujilipa kwa wingi wa vifurushi, na vyumba vitupu vya chuma havilipi gharama za aliyevinunua. Na tukichagua mlango, bodaboda atadai ujira wa haki kwa njia ile, nao utakuwa mkubwa, kisha siku ya mvua atauacha mzigo palepale penye duka.

Alhasili, duka ndilo lililokwisha chaguliwa na wananchi wenyewe, sisi tukiwa bado tunajadili kasha na mlango. Wazee wa pwani walikuwa na neno la utunzaji wa namna hii, amana: kitu cha mtu kilicho mikononi mwako, ambacho huruhusiwi kukitumia wala kukipuuza, nawe unaulizwa habari zake. Nairobi wapo Pickup Mtaani wanaotumia maduka ya mitaani kupokea na kutunza vifurushi, na kazi inakwenda. Hapa kwetu, tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008, tumezoea kumkabidhi fedha taslimu mwenye kibanda ambaye hatumjui hata ukoo. Tunamwamini kwa sababu ana daftari, na tunatia saini. Anayeaminiwa kwa fedha atashindwaje kuaminiwa kwa miwani?

Nimelisema hili la duka la amana katika vikao zaidi ya kimoja, nikajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Sisemi kwamba mamlaka zimezembea, na haya ni maoni yangu binafsi, si ya mawakala wenzangu walionituma. Nasema tu kwamba jambo linalofanyiwa kazi miaka yote hiyo lingekuwa shamba, tungekwisha vuna.

Napendekeza basi, kwanza, kila kata ya Ugweno iteue duka moja au mawili ya amana, yajulikane kwa kibao. Pili, kila mkono unaoupokea mzigo utie saini, kuanzia kondakta hata mwenye duka. Tatu, jina la mpokeaji liandikwe kwa wino usiovuja, namba ya simu iandikwe mahali pawili, ya pili ndani ya kifurushi, na liongezwe jina la kitongoji, maana kitongoji hakizimwi kama simu. Nne, mwenye duka apewe ujira kwa kila kifurushi, hata ukiwa mdogo, kwa sababu amana ya bure husahauliwa nyuma ya mizani. Tano, wenye mabasi na sisi mawakala tuishike Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), tuchukue leseni tusiokuwa nayo, ili anayelalamika ajue pa kulalamika. Sita, madereva wa Noah wakubaliane kwamba gari la mwisho la jioni halipandi kabla ya kupita ofisi ya vifurushi, kwani siku ile ile yetu huishia hapo. Saba, wasiojiweza, wazee na wagonjwa, wao wapelekewe mlangoni kutoka dukani, kwa miguu, na ujira uwe umelipwa na mtumaji. Nane, kasha lijaribiwe moja tu, Mwanga mjini, kwa watumishi wanaotoka kazini jioni, wala lisipandishwe mlimani mpaka tuone. Tisa, kila mkono utie saini. Najua nimekwisha sema. La kumi ni dogo, nalo limenigharimu kuliko yote: kila duka la amana lipewe kalamu, na kalamu hiyo ifungwe kwa kamba mezani, maana daftari la saini nimeligawa madukani mara tatu, nami kila nilipopanda kulikagua nililikuta safi, halina saini hata moja, na mwenye duka akinieleza kwamba kalamu imekwenda shuleni na mtoto.